Leba ya Mwajabu

Usiku wa jana niliota nimekuta ndoo ya maji imelala kitandani kwangu, imejifunika shuka langu jipya, inakoroma.

"We ndoo, toka!" nikafoka.

"Sheria ni yako mwenyewe," ikajibu bila kufumbua macho. "Maji ya bomba yalale kwanza, ndipo samaki wabadilishiwe. Haya, tumelala. Punguza sauti."

Kweli, nafuga gapi sebuleni, vile visamaki vyenye mikia ya rangi rangi, na sheria ndiyo hiyo. Nageuka nitafute mkeka, naona chumba kimekuwa wodi ya wazazi. Pampu ya hewa ya tangi la samaki imevaa koti jeupe.

"Wewe ndiye ndugu wa Mwajabu?" inaniuliza, mapovu yanaitoka. "Uchungu umeshaanza."

Mwajabu ni jike langu. Amezaa mara tatu, na mara zote tatu amewala watoto wote, hakusaza hata mmoja. Mara ya mwisho nililia, msinicheke. Safari hii niliapa lazima wabaki.

Namkuta kajilaza kitandani, anajipepea kwa mkia.

"Mwajabu mwenzangu, nakuomba, leo usiwale."

"Shoga, usinionee. Juzi wifi yako alipokuja na kichanga chake, si ulisema, 'Mtoto mtamu huyu, nitamtafuna'? Nilikusikia vizuri tu. Wewe uliishia kusema. Mimi si mnafiki."

Nikasogea karibu na kitanda chake.

Hapo wakaanza kutoka. Mmoja, wawili, watano, wadogo kama ufuta, macho tu. Mwajabu anageuka, anafungua mdomo.

"Majani!" pampu inapiga kelele. "Watoto wajifiche kwenye majani! Yako wapi?"

Majani sikuweka. Kila siku nilisema kesho, kesho. Jamani, roho iliniuma! Nikajishika kichwa kwa majuto, mkono ukagusa rasta. Rasta nyekundu, nimekaa Jumamosi nzima kwa msusi, shingo upande, mpaka makalio yakafa ganzi. Eti nizifumue?

Nikafumua moja, ya mbele kabisa usoni, nikaivuta ikang'oka. Watoto wakaingia humo mbio.

"Sasa umekuwa kituko," akasema Mwajabu, akiwatafuta.

"Potelea mbali," nikamjibu.

Nikaamshwa na sauti ya mume wangu, Shomari, kutoka sebuleni. Kulikuwa kumekucha.

"Mama Zuhra! Nani katupa rasta kwenye maji ya samaki?"

Nikapapasa paji la uso. Pengo.

"Usiiguse!" Nikatoka mbio bila kandambili.

Ilikuwa inaelea pembeni, imefumuka. Mwajabu anaizunguka, tumbo limenywea, kanuna. Ndani ya ule wekundu nikaona macho meusi. Nikahesabu: saba. Wote wazima! Nikashangilia mpaka Shomari akarudi nyuma.

Kisha nikamwona wa nane. Yuko nje peke yake, karibu na kioo, hana pa kujificha.

Nikaketi sakafuni, nikaanza kufumua ya pili.