Boriti za Nurdini

Shule ilipofungwa mwezi wa sita, mwalimu wa taaluma aliwaambia wanafunzi wa kidato cha tano wasikae bure likizo nzima. Kila mmoja atafute ofisi ajifunze kazi. Kwao Mwanamkuu, mmoja wao, ni kisiwani, ndani ya delta, mto unapoingia baharini, ambako ofisi hakuna. Akabaki Kibiti kwa shangazi yake Fatu, akaandika barua tano kwa mkono na kuzipeleka mwenyewe.

Hospitali walimwambia hajatimiza miaka kumi na minane. Benki hawakuifungua bahasha. Ofisi nyingine mbili waliuliza anasoma chuo gani, na aliposema bado yuko sekondari wakamrudishia barua yake. Siku ya kwanza aliumia. Kufikia barua ya nne alikuwa anasikiliza tu, anasema asante, anatoka.

Ya tano ilipokelewa na Bi Habiba, ofisa misitu, mwanamke wa maneno machache. Alimuuliza kama anajua kutumia tepe ya kupimia na kama mwandiko wake unasomeka. Jumatatu akaanza. Wiki mbili alipanga majalada. Wiki ya tatu Bi Habiba akaenda naye bandarini Nyamisati kukagua boriti za mikoko zinazoshushwa pale. Nyumbani hawakujua kwamba amepelekwa huko. Simu ya baba yake ilikuwa mbovu.

Alhamisi asubuhi, maji yalipojaa, mtumbwi uliosheheni ukaingia. Mwanamkuu alimjua aliyeshika upondo, mti wa kusukumia, kabla hajageuka. Alikuwa Nurdini, baba yake.

Alimwamkia, akaitikiwa. Bi Habiba akaomba kibali. Nurdini akasema hana. Basi wakaanza kuhesabu, Bi Habiba akitaja kipimo, Mwanamkuu akiandika: boriti themanini, nyingine nyembamba mno, miti ambayo haikustahili kukatwa. Alingoja aone haya, au hasira, hakuna kilichokuja. Aliona tu kwamba shati la baba yake limechanika begani, na kwamba wino wa kalamu unaelekea kwisha.

"Mwenye mzigo anaitwa nani?" Bi Habiba aliuliza.

Mwanamkuu alikuwa ameinamia fomu. Baba yake akamtazama.

"Andika, mwanangu," alisema. "Nurdini Maneno. Unalijua."

Bi Habiba akawaangalia wote wawili. Akamwambia Mwanamkuu akakae kivulini, atamalizia mwenyewe. Mwanamkuu akajibu kwamba umebaki mstari mmoja. Akaujaza, akamsogezea baba yake fomu atie dole gumba.

Boriti zilichukuliwa. Kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kukamatwa, Nurdini alipewa onyo la maandishi, na mtumbwi ukaachiwa. Saa nane mchana Bi Habiba akamruhusu Mwanamkuu aende nyumbani na baba yake, arudi Jumatatu.

Mtumbwi mtupu ulikwenda mwepesi.

"Mchana wanakupa chakula?" Nurdini aliuliza.

"Wananipa."

"Chakula gani?"

"Wali na maharage."

Nurdini akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga upondo. Walipofika, mama alishangaa kuwaona pamoja, akauliza boriti zimeuzwa vipi. Nurdini akasema zimechukuliwa. Kisha akaupokea mfuko wa Mwanamkuu, akaubeba mwenyewe mpaka ndani.