Chupa Tupu Kutoka Ivuna

Chupa ya ishirini na nne, ya mwisho, ilirudi kwenye duka la dawa la Restuta ikiwa tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Hapo akajua kazi haijaisha.

Siku tisa kabla, barua ya msambazaji ilifika Tunduma. Dawa ya kuoshea vidonda, toleo namba 0417, ilibandikwa lebo isiyo yake. Lebo ilisema ipakwe ilivyo. Kumbe iliyomo ni dawa kali ya kuchanganywa na maji, sehemu moja kwa ishirini. Ikipakwa hivihivi, inaunguza. Restuta aliuza chupa ishirini na nne za toleo hilo. Akatuma habari makanisani, minadani na kwa madereva wa malori: chupa zirudishwe.

"Mama Nesta wa Ivuna kaisugua kwa mchanga," alisema Zebedayo, dereva wa lori la chumvi. "Hataki uje umwite mchafu, dokta."

"Dawa iko wapi?"

"Kaimimina kwenye kidumu. Si ulitaka chupa? Hata za soda tunarudisha tupu."

Restuta hakumlaumu mtu. Yeye ndiye aliyedai chupa bila kutaja dawa iliyomo.

"Kidumu kiko kwake?"

"Kampa Bibi Ketrina, mkunga. Ferista, mkwe wa Mama Nesta, siku zake zimefika. Siku hizi kitovu kinaoshwa kwa dawa ya dukani."

"Unarudi Ivuna lini?"

"Nikishapakua. Labda kesho kutwa."

Restuta alifunga duka, akajitanda khanga begani. "Gunia la kwanza liko wapi? Tupakue wote, tuondoke leo."

"Dokta na gunia la chumvi!" Zebedayo alicheka, lakini alipomwona amerudi kuchukua la tatu, aliacha kucheka akaita wapagazi. Saa nne usiku walikuwa barabarani.

Kesho yake mchana, wamekwisha kuipita Kamsamba na joto lake, walifika Ivuna. Bibi Ketrina alikuwa ameketi mlangoni kwa Mama Nesta, kidumu miguuni pake. Ndani, Ferista alikuwa akiguna kwa uchungu.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata dawa hiyo."

"Marahaba. Huko Tunduma mnauza, kisha mnakuja kunyang'anya?"

Mficha uchi hazai. Restuta akasema wazi: "Niliuza dawa yenye maelezo ya uongo. Inaunguza."

"Mimi sisomi maelezo, nasoma vidonda. Wavuna chumvi wamepaka mikononi siku tatu. Inawasha tu, na dawa isiyowasha si dawa."

"Naomba niione mikono hiyo."

Mama Nesta alitoka ndani, akanyoosha yake. Mipasuko ya chumvi ilikuwepo, kama kwa kila mwanamke wa pale. Lakini kati ya vidole ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe, ikibanduka kama ya kiazi kilichochemshwa.

"Nilidhani ni chumvi," alisema Mama Nesta. "Chumvi inatuwasha kila siku, nani angetofautisha?"

"Chumvi imewahi kukubandua hivi kwa siku tatu?"

"Haijawahi."

"Na mikono yako ina sugu," Restuta alisema, akimtazama mkunga. "Kitovu cha mtoto hakina."

Bibi Ketrina aliushika mkono wa Mama Nesta, akaugeuza kwenye mwanga, akaibonyeza ile ngozi nyeupe. Kisha akakisukuma kidumu kwa mguu mpaka kwa Restuta.

Restuta aliipima dawa kwa ile chupa tupu, aliyokuja nayo. Ilikosekana robo ya chupa.

"Robo hiyo ni ya mikono tu? Hakuna aliyepewa akaenda nayo nyumbani?"

"Ni mikono tu. Wanawake saba."

"Waitwe wote saba. Wanawe mikono kwa maji mengi, wasipake kitu."

"Na kitovu nikipake nini, wewe mwenye kukataza?"

"Usipake kitu. Wembe mpya, uzi uliochemshwa, kikauke chenyewe."

"Chenyewe!" Mkunga aliguna. Ndani, Ferista alipiga ukelele mrefu. Bibi Ketrina alisimama, akamtupia Restuta kipande cha sabuni.

"Basi nawa, uje unishikie huo uzi. Uliyekataza dawa, nataka uwepo mwenyewe."

Restuta alinawa mpaka viwikoni, akanawa tena, akaingia.