Rudia Kidogo, Mama

Hati ya kiwanja hakuwa nayo. Mume hakuwa naye. Anosisye alizikwa masika yaliyopita, nyuma ya nyumba, kando ya binti yao Tulia. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama mbele ya baraza la wazee na kusema hapa ni kwetu. Hakuwa na ng'ombe, wala shemeji aliyebaki hai, wala ndugu mwenye cheo huko Tukuyu. Koti la mvua hakuwa nalo pia, na ndiyo maana asubuhi ile Sekela alifika kwenye kanisa kuu la Ilundwe akiwa ameloa mpaka shingoni, akasimama chini ya upenu akikwangua tope miguuni kwa kijiti, asije akaingia na uchafu katika nyumba ya Bwana.

Alichokuwa nacho ni nyumba ya matofali ya kuchoma na migomba inayoizunguka, kwenye mteremko ulio chini ya kanisa. Hata hivyo hakuwa navyo sawasawa. Ardhi yote ya misheni ni mali ya kanisa. Tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani, anayekaa humo anakaa kwa sababu ni Mkristo mwema. Akitengwa na meza ya Bwana, hupewa muda wa kuvuna alichopanda, kisha anaondoka. Na mwanaume akifa, baraza hukaa na kuamua kama mjane wake abaki. Suala la Sekela lilikuwa bado. Kila alipouliza aliambiwa asubiri kikao.

Siku chache kabla ya hapo alikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimechomekwa katikati ya migomba yake. Kimoja kilikuwa karibu kabisa na kichwa cha kaburi la Tulia. Alimwendea Abeli, katibu wa usharika.

"Ni vya bomba, Mama Tulia," Abeli alimjibu. "Si ulikuwa unalilia maji? Ndiyo hayo yanakuja. Ila nina ombi. Jumamosi tunapokea wageni wanaokuja kutembezwa kanisani. Watu wakubwa hao. Njoo na wewe, uwaambie mambo mawili matatu ya kale. Wazee wakiona unashirikiana na kanisa, kikao chako kitakuwa chepesi."

"Ndaga fijo, tata," Sekela alishukuru. Alirudi nyumbani akafua kitenge cha umoja wa wanawake, akakianika juu ya moto kwa kuwa jua halikuwepo.

Asubuhi ile ya Jumamosi wageni walikuja kwa magari mawili meupe. Kiongozi wao aliitwa Fred, mtu mpole mwenye viatu vya gharama, ambaye kabla ya kusalimia aliligonga lango la kanisa kwa vifundo vya vidole, kama anayesikiliza tikiti maji kama limeiva. Alikuwepo pia mwanamke mmoja, Hellen, aliyekuwa na mwavuli mkubwa na maswali mengi. Wengine walikuwa watatu au wanne, wakipigana picha.

Aliyewatembeza ni Hezron, mtoto wa usharika huo huo, mtu mzima sasa, aliyesomea utalii Arusha. Alikuwa na sauti nzuri.

"Karibuni katika kanisa kuu la kale, ndugu wageni. Askofu alihamia Mbeya zamani sana, lakini heshima ya kanisa kuu haikuhama. Ardhi hii yote mnayoiona, chifu aliitoa bure, kwa mapenzi mema. Na matofali haya, waumini waliyabeba vichwani wakiimba."

Sekela alitazama chini. Babu wa mumewe hakuwahi kusema habari ya kuimba.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya mbao mbichi, ingawa mbao zile zilikuwa na miaka zaidi ya mia. Hezron aliwaonyesha kengele iliyoletwa kwa wapagazi kutoka ziwani, mimbari iliyochongwa majani ya mgomba, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Sauti yake ilipanda hadi kwenye dari na kurudi ikiwa nzito zaidi, kana kwamba huko juu kulikuwa na mwingine anayerudia maneno. Kisha akawapeleka kwenye mlango mwembamba wa upande wa kaskazini.

"Hapa ndipo walipotolewa waliotengwa. Mtu aliingia na wenzake kwa lango kubwa, jina lake likasomwa, akatokea huku. Uliwekwa mwembamba makusudi, ili mtu apite peke yake."

"Jamani!" Hellen alicheka. "Hata mumewe hawezi kumshika mkono?"

"Hata mumewe."

Wageni wakapita mmoja mmoja, wakicheka, huku wenzao wakiwapiga picha. Mmoja alikuwa na tumbo kubwa, akakwama kidogo, ikawa shangwe.

"Mama Tulia, simama hapo na wewe," Abeli alimwambia. "Picha ipate mwenyeji."

Sekela alisimama mlangoni. Hakujua mikono aiweke wapi.

Walipotoka nje, mvua ilikuwa imepungua na ukungu unapanda kutoka bondeni. Fred alisogea mpaka ukingo wa uwanja, akatazama chini kwenye migomba.

"Hili Ziwa Masoko mnalolisema, mbona silioni?"

"Migomba ile ndiyo imeziba," Hezron alijibu. "Ikifyekwa, unaliona lote, kama sahani."

"Kama sahani," Fred alirudia, akatikisa kichwa polepole.

Sekela alimtazama Abeli. Abeli alikuwa anafuta kioo cha simu yake kwa shati.

Walifika kwenye makaburi ya wamisionari, nyuma ya kanisa. Hapo Hellen alifunga mwavuli wake na kuuliza, "Sasa kabla ya hawa Wazungu, nyie watu wa huku mlikuwa mnaombaje? Maana lazima mlikuwa na vitu vyenu."

Hezron alimtazama Abeli. Abeli alimgeukia Sekela.

"Mama Tulia, waonyeshe."

"Nini, tata?"

"Yale ya maji."

"Hapa? Kwenye uwanja wa kanisa?"

"Ni historia, mama. Historia nayo imekuwa dhambi? Hezron, mletee mama maji."

Kikombe cha plastiki kililetwa. Sekela alikishika kwa mikono miwili. Alieleza, kwanza kwa aibu, kwamba bibi zake, watu wa ukoo wakigombana na mtoto akaugua, walikuwa wanakutana. Kila mtu anasema hasira yake mbele ya wote, asiifiche. Akimaliza kusema anachukua maji kinywani na kuyapuliza chini, hasira itoke nayo. "Si uchawi," alisema. "Ni kupatana." Kisha akachukua funda moja, akapuliza juu ya nyasi, haraka haraka, akafuta midomo kwa kanga.

Wageni walipiga makofi. Sekela alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Rudia kidogo, mama," Abeli alisema. Alikuwa ameinua simu. "Haikushika vizuri. Na safari hii utaje majina ya marehemu, kama walivyofanya wazee. Useme na shida yako. Usikimbize."

"Majina ya nani?"

"Si unao wako? Taja hao."

Alifikiria kikao. Alifikiri kwamba huyu ndiye anayeandika ajenda. Akachukua maji, akageuka kuelekea mteremkoni, kule migomba ilikokuwa imesimama ndani ya ukungu, na kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea, wageni wakamtoka akilini. Alifumba macho.

"Anosisye," alisema. "Na wewe mwanangu Tulia. Nimebaki peke yangu. Nyumba yetu isiondoke. Nisaidieni nisifukuzwe."

Alipuliza maji. Yalitoka taratibu, kama umande.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Fred alikohoa. Mtu mmoja alimpa Sekela soda ya chupa, akaipokea kwa kupiga goti, kama alivyofunzwa.

Kikao kiliitishwa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Wazee walikaa kwenye viti katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu. Sekela alioneshwa benchi. Mchungaji Lutufyo alifungua kwa sala. Kisha Abeli akaweka simu katikati ya meza, na sauti ya Sekela ikatoka ndani yake, ndogo, yenye kutetemeka: *Anosisye. Na wewe mwanangu Tulia.*

Walisikiliza hadi mwisho.

"Huyu ni nani?" Mchungaji aliuliza.

"Ni mimi, baba mchungaji."

"Unafanya nini hapo?"

"Nawaonyesha wageni. Niliambiwa niwaonyeshe."

"Unaomba wafu wakusaidie. Ndani ya uzio wa kanisa."

"Ile ya kwanza sikutaja mtu. Katibu ndiye aliyesema nirudie, nitaje majina. Rudisheni nyuma, mtamsikia."

"Nyuma hakuna kitu," Abeli alisema bila kuinua uso. "Nilisema pale pale kwamba simu haikushika."

"Hezron alikuwepo. Ndiye aliyeniletea maji. Muulizeni."

Hezron aliitwa kutoka nje. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mimi nilikuwa nawaelekeza wageni, baba mchungaji. Mambo mengine sikuyafuatilia."

"Hezron, mwanangu," Sekela alimwita.

"Shikamoo, mama," Hezron alijibu, akatoka.

Mzee Hosea, mkubwa kuliko wote pale, aliinama mbele. Alikuwa mtu wa masihara, hata misibani. "Mama Tulia, mimi nina swali dogo tu la kizee. Anayeonyesha wageni anafumba macho? Mbona mwalimu wangu wa shule hakuwa anafumba macho ubaoni?"

Wazee wawili walicheka. Sekela alikuwa amefumba macho, kweli. Na yale aliyoyasema aliyasema kwa moyo wote. Katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kumweleza hilo akaelewa vingine.

"Hakuna aliyekushika ulimi, mama," Mchungaji Lutufyo alisema, karibu kwa huruma. "Basi. Kanuni ya misheni unaijua. Utatengwa na meza ya Bwana, na utapewa muda wa kuvuna ulichopanda."

"Migomba haina msimu, baba mchungaji. Leo mkungu huu, kesho ule. Haiishi kuvunwa."

Wazee walitazamana. Kanuni ilikuwa imeandikwa na watu waliolima ngano.

"Basi tutakupangia tarehe," Abeli alisema, akaandika.

"Na makaburi yangu?"

"Hayo yatatunzwa vizuri, usiwe na hofu. Wageni wanapenda makaburi."

Mchungaji alimkumbusha kwamba ana haki ya kukata rufaa kwa askofu. Sekela aliondoka na haki hiyo. Nyumbani alikaa mlangoni, karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaandika kwa mwandiko wa darasa la saba, mkubwa na ulionyooka. Alieleza yote: wageni, kikombe, mara ya kwanza na mara ya pili. Hakumtukana mtu. Juu aliandika anwani ya askofu, na chini yake, kama barua yoyote ya heshima inavyotakiwa, akaandika *kupitia kwa Katibu wa Usharika*.

Abeli aliisoma akiwa amesimama, dirishani, penye mwanga. Alisoma hadi mwisho, akageuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Una mwandiko mzuri, Mama Tulia."

"Ndaga, tata."

"Lakini umenitaja."

"Nimetaja kilichotokea."

"Sawa. Haki yako." Aliketi, akachukua kalamu ya wino mwekundu, na katika nafasi iliyobaki chini ya sahihi ya Sekela akaandika huku akisoma kwa sauti, kama anayemwandikisha mtoto imla: "Mwombaji alikiri mbele ya baraza kuwa ndiye. Hajaonyesha toba. Eneo limeshapangiwa matumizi ya maendeleo. Ofisi haiungi mkono."

"Hiyo ni barua yangu," Sekela alisema.

"Ndiyo. Na haya ni maoni ya ofisi. Barua haiwezi kwenda bila maoni."

"Nikiandika nyingine nikaipeleka mwenyewe moja kwa moja?"

"Isiyopitia hapa inarudishwa hapa hapa. Unataka niisome mara mbili?" Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi, akaibana kwa ngumi. Kisha akagonga mhuri wa usharika mgongoni, pale karatasi zilipoungana, nusu juu na nusu chini. "Kuvunja mhuri ni kosa, unajua. Tarishi wetu ana msiba Lupepo. Utaifikisha mwenyewe stendi?"

"Na nisipoifikisha?"

"Basi hukukata rufaa."

Alikwenda kwa miguu mpaka barabara kuu, bahasha ameifunga kwenye kanga kifuani isiloe. Tukuyu kulikuwa na mvua nyembamba ya kutoboa. Katika kibanda cha vifurushi, karani kijana mwenye sweta lenye vishimo viwili alikuwa anafunga magunia ya maparachichi ya kwenda Mbeya.

"Shikamoo, mama. Leta."

"Marahaba. Inakwenda kwa askofu."

"Mtumaji niandike nani?"

"Mimi. Sekela. Mama Tulia wa Ilundwe."

Karani aliigeuza bahasha, akautazama mhuri, akaupitishia kidole gumba kuona kama umekauka.

"Hapana, mama, hii mtumaji wake ni kanisa," alisema kwa upole. "Wewe umetumwa tu kuileta."

Aliandika hivyo, akaitupia barua ndani ya mfuko pamoja na nyingine, akaufunga kwa kamba, na mfuko ukapandishwa juu ya gari.