Mpira wa Nyuma ya Mashine

Mama mkwe wangu alikuwa ameshanipangia siku ya kurudishwa kwetu Tandahimba. Ijumaa, kaka yangu aje anichukue. Kosa langu, kwa maneno yake, lilikuwa kuuza maji. Tangi letu hapa Chilangala lilikuwa likikauka kila nikifua, na kiangazi huku juu mlimani, mwizi wa kuku ana nafuu kuliko mwizi wa maji.

Mashine ya kufulia mama mkwe alitumiwa na binti yake aliyeko Dar. Nikiiwasha, maji yanaingia, yanaingia, halafu inalia na kuandika E4. Naiwasha tena, inaandika ileile. Nguo haziguswi na tangi linabaki tope.

"Mashine gani inakunywa tangi zima?" mama mkwe alisema mbele ya majirani. "Huyu ana mahali anakopeleka madumu."

Mume wangu, Abuu, alikuwa palepale akibangua korosho. Hakuinua uso. Nilimchukia, na sikuona haya kumchukia.

Fundi nilimwita mimi. Mudathiri alipanda kutoka Masasi kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi, amenuna tangu getini.

"Shikamoo, Mama Abuu."

"Marahaba. Tengeneza, ila usije kumtetea mtu."

"Sikuja kutetea mtu. E4 maana yake mashine imengoja maji yafike kwenye kipimo, hayakufika. Nataka kujua yanaishia wapi."

Alifungua mpira wa kuingizia maji, akatoa kichujio chake. Kilikuwa safi. Akafungua bomba, maji yakaruka kwa nguvu mpaka kwenye suruali yake. Mama mkwe akacheka.

"Si nilisema? Maji yanafika vizuri. Kuna mtu anayapunguza."

Mudathiri aliweka nguo zangu na za mwanangu Shakila, akaiwasha mashine, kisha akachungulia nyuma. Mpira wa kutolea maji machafu, ambao hutundikwa usawa wa kiuno, ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la ukuta na kulazwa chini. Akatuita nje. Maji meupe, ambayo hata sabuni hayajaionja, yalikuwa yakitiririka kwenye kamfereji.

"Mpira ukilala chini, yanaingia huku, yanatokea huku," alisema. "Hii haitajaa mpaka kiama. Nani kaushusha?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Kamfereji kalikwenda moja kwa moja kwenye miche ya mikorosho ya mama mkwe. Huku kwetu maji ya kufulia hayamwagwi ovyo, hunyweshewa mche, na kumbe yeye hakuweza kuvumilia kuona mashine inayatupa. Miche ya kijiji kizima ilikuwa imenyauka. Ya kwake ilikuwa inachipua, na sote tulikuwa tunaipita kila asubuhi.

"Mimi nilitaka yale ya povu tu," alisema. "Na kamfereji amekachimba Abuu."

Nikamgeukia mume wangu.

"Niliona yanatoka meupe," alisema taratibu. "Tangu mwanzo niliona. Nikasema nikiongea, mama atajisikia vibaya."

Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi yote naitwa mwizi, na jibu alikuwa nalo yeye, analala nalo pembeni yangu.

Mudathiri aliuinua mpira, akaufunga kwa waya kwenye nondo za dirisha. Mashine ikajaa, ikaanza kuzungusha nguo. Mama mkwe aliitazama mashine, si mimi.

"Haya, kosa limeonekana. Mpigie kaka yako, asije."

Nilimpigia. Nilimwambia aje leo, asingoje Ijumaa. Kisha nikamwomba fundi aisimamishe mashine na kuifungua.

"Mama Shakila," Abuu alisema, "si ungeacha ziishe kwanza?"

Nilizitoa zikiwa na povu, zinachuruzika mpaka miguuni, nikazikamua moja moja kwa mkono pale katikati ya uwanja, mbali kabisa na miche ya mama yake.