Reli Isiyong'aa

...na mkono bado uko hewani, haujashika, mjomba bwana, shika basi, mbao haing'ati, Mama Mazoezi, mtaalamu wa viungo hapa wodini, anambembeleza, "taratibu mzee, hatukimbizwi," wala hamsikilizi, anaikagua reli, hii mbao ya kushikia ukutani, namjua, kiharusi kimemlaza upande mmoja, kimemkalisha kwenye kiti cha magurudumu, lakini jicho la seremala kimemwachia, na jicho linatafuta mng'ao, na mng'ao haupo, nimeuondoa mimi kwa msasa, mimi mpwa wake, niliyefundishwa naye kwamba kazi haijaisha mpaka uone meno yako kwenye vanishi... na niliipaka, reli yote, kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, wapaka rangi wakawa wanakuja kujitazamia nywele, nikavimba kichwa, nani kama mimi, wodi iliyokuwa ghala la vitanda vibovu na kinyesi cha popo, leo sakafu yake unatamani kuilalia, madirisha yaliyogoma yanafunguka kwa kidole... halafu yule bibi wa kwanza kujaribu akashika, kiganja kimelowa jasho la woga, kikateleza, akarudi kitini puu, akacheka mwenyewe, mimi sikucheka, nilichukua msasa nikaanza kusugua, roho inaniuma, na kila nikisugua namsikia mjomba, "nani kaiacha hii uchi?", atasema, hata kwa huo mdomo uliopinda atasema, mbele ya wauguzi, na mimi nitaiweka wapi sura yangu... "Fundi, sogea, unamzibia mwanga," haya nasogea, mkono unashuka, umefika, kidole gumba kinatembea juu ya mbao, kinakwenda, kinarudi, ndivyo alivyokagua viti vyangu vya kwanza, halafu ama atikise kichwa kukubali ama nianze upya, na mara nyingi nilianza upya...

"Mwanangu," maneno yanamtoka kwa shida, "haing'ai."

"Iling'aa, mjomba. Ikawa inateleza."

Gumba limesimama, yupo kazini huyu, sasa vidole vingine vinajikunja, kimoja kimoja, vinaizunguka mbao, vinabana, mishipa imemtoka, na havitelezi, tazama, havitelezi kabisa, na mimi nimesimama hapa nasubiri... sisubiri, ajabu, nimejipekua moyoni sioni ninachosubiri, maisha yangu yote nimeyapima kwa kutikisa kwake kichwa, na leo hata akisema ni mbovu, si mbovu, ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, naringa, acheni niringe, ule mkono ulioushika wangu tukasukuma randa pamoja, sasa umeshika kazi yangu na umekaa...

"Tayari, mzee?" anauliza Mama Mazoezi.

Hajasimama, bado yuko kitini palepale, lakini hajaachia.