Makamu Amekalia Kiti

Mtaani kwake walimwita Koti, na jina hilo halikuhitaji mganga wa kulifumbua. Jua liwake, lami ilainike, mbwa watoe ndimi nje, yeye atapita kavaa koti zito la sufu, vifungo hadi kooni. Wageni walidhani ana homa. Wenyeji walijua kwamba kazini kwake kuna baridi ya kugandisha mate, na kwamba baada ya miaka mingi humo, mwili wa Koti ulikuwa umesahau njia ya kurudi kwenye joto.

Alikuwa opereta wa kompyuta kubwa. Si hizi za kupakata mapajani. Hizi zilikuwa makabati manne meusi, marefu kuliko mtu, yakinguruma mchana na usiku kama wazee waliolala chali. Zilikuwa nne lakini zikifanya kazi kama moja, ndiyo maana maopereta waliziita Ndugu Wanne. Pensheni, bili za maji, tiketi za treni, vyote vilipitia humo.

Sasa, ndugu wanne kukaa nyumba moja bila kugombana si jambo dogo. Waulize wenye ndugu. Hawa dawa yao ilikuwa faili moja la pamoja. Kila baada ya kitambo kidogo kila ndugu huandika humo, "Nipo," kisha husoma kama wenzake nao wapo. Asiyeandika huhesabiwa marehemu na kutengwa kabla hajavuruga mambo. Na faili lenyewe likipotea? Hapo wote wanne hujizima, maana hakuna tena anayejua yupi mzima na yupi maiti, na nchi nzima inarudi kwenye kalamu na karatasi.

Kwa hofu hiyo faili liliwekwa nakala mbili, kila moja kwenye diski yake. La kwanza waliliita Mwenyekiti. La akiba, Makamu. Mwenyekiti akianguka, Makamu hukalia kiti palepale, kimya kimya, bila mkutano wala uchaguzi. Kasoro ni moja tu: akishakikalia, yeye hana makamu. Mpaka binadamu aje amweke mwingine, mzigo wote unaning'inia kwenye uzi mmoja.

Asubuhi hiyo Koti alikuwa amekesha, na usiku wa kabla yake alikesha pia, kwa kuwa opereta wa tatu alikuwa likizo ya uzazi na mtu wa kumshikia nafasi hakuwepo. Katika jengo lile kila kitu kilikuwa na mwenzake. Umeme wa njia mbili, mitambo miwili ya baridi, hata ufagio ulikuwa na ufagio wa akiba. Kasoro Koti.

Na asubuhi hiyohiyo, hospitalini, mama yake alikuwa anafunguliwa bandeji. Jicho la kushoto lilistaafu zamani. La kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho mwaka mzima, mpaka lilipopasuliwa juzi. Mama alikuwa ametoa agizo moja tu: "Nikifunguliwa, wa kwanza kumwona awe wewe. Si yule daktari. Wauguzi wameniambia ana masharubu, na kwa sauti ile naamini."

Koti aliahidi. Ahadi kwa mama si ahadi ya fundi cherehani.

Basi mpokezi wake wa zamu alipoingia akipangusa miwani, Koti alikuwa keshasimama.

Mpokezi huyo aliitwa Shangazi. Kwa umri alikuwa mdogo kwa Koti, lakini alijua kugombeza kama dada wa baba aliyenyimwa mchango wa harusi, jina likamganda.

"Macho yako yamekuwa mekundu utafikiri umeyapaka rangi," Shangazi alisema. "Umelala hata kidogo?"

"Nimelala nikiwa wima. Geuka nikusomee, mama ananisubiri."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile. Hakuna kupokea zamu kwa kuchungulia skrini na kusema "sawa sawa". Anayetoka huandika amri ya kuuliza hali ya mafaili ya pamoja, kisha husoma majibu kwa sauti. Anayeingia huzipa mashine mgongo, husikiliza, hurudia neno kwa neno. Aliyeianzisha alitaka masikio nayo yafanye kazi, sio macho peke yake.

Shangazi akageuza mgongo. Koti akaandika amri, akabonyeza, mistari ya kijani ikashuka.

"Ndugu wanne, wote wapo."

"Wote wapo."

"Faili la kwanza, lipo."

"Lipo."

"La akiba..."

"Lipo," akadakia Shangazi, huku akitafuta mfuko wa karanga kwenye pochi.

"Lipo," akamalizia Koti.

Wakatia sahihi. Koti akafuta skrini kama kanuni inavyotaka, akachukua simu yake kwenye kabati la nje, maana simu haziruhusiwi ndani, akaanza safari ya korido. Korido ile ilikuwa ndefu kuliko hotuba. Miguu ilimvuta upande, na taa za dari zilikuwa na ukungu, au ukungu ulikuwa wake mwenyewe.

Getini mlinzi alimfungulia.

"Za usiku, Koti?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi, na mtambo wa baridi umelia usiku kucha? Mpaka huku niliusikia."

"Nzuri tu."

Mlinzi akacheka. "Wewe hata paa likuangukie, tutakufukua useme nzuri."

Koti naye akacheka, akapiga hatua mbili barabarani. Ya tatu ikakataa.

Mtambo wa baridi ulilia, ni kweli. Ulikuwa unalia kila usiku, ndiyo tabia yake, na kila ukilia yeye hunyoosha mkono bila kutazama na kuzima king'ora. Usiku huu kengele zilikuwa zinapokezana, na mara moja mlio ulikuwa mwembamba kidogo. Aliuzima vilevile. Na sasa hivi, mbele ya skrini, alipotamka "faili la kwanza, lipo," jina alilokuwa akilitazama liliishia na tarakimu gani?

Akafumba macho barabarani, baiskeli ikampigia kengele na tusi. La Mwenyekiti huishia na moja. La Makamu huishia na mbili. Akajaribu kuirudisha skrini kichwani. Mstari wa juu ulikuja, na mwisho wake pakakaa mbili. Chini yake, palipotakiwa kuwa na la akiba, palikuwa patupu.

Hakuwa amesoma. Alikuwa amekariri. Maneno yaleyale miaka nenda miaka rudi, mdomo ulikwishaijua njia, ukatangulia peke yake na kuyaacha macho nyuma.

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Kaka, uko wapi? Daktari anamalizia wodi ya pili, anakuja kwetu."

"Niko getini."

"La hospitali?"

"La kazini."

"Kwenye geti la kazini unafanya nini, unauza karanga? Njoo!"

Koti akatazama kituo cha basi. Hakuna aliyejua. Ukaguzi unaofuata ni wa adhuhuri. Shangazi angeandika amri, angeona, angepiga kelele, angerekebisha. Uzi mmoja nao ni uzi. Umeshika tangu usiku, utashindwa kushika mpaka mchana? Angeweza kumpigia simu tu aangalie. Lakini kuweka Makamu mpya ni kazi ya watu wawili kwa kanuni, mmoja aandike na mwingine asome kabla hajabonyeza, na mtu wa pili leo alikuwa amesimama barabarani kavaa koti. Halafu ile diski iliyobaki ilinunuliwa siku moja na iliyokufa. Vitu vilivyozeeka pamoja huwa na tabia ya kufuatana.

"Mdogo wangu," akasema, "mwambie mama nachelewa."

"Mwambie wewe! Mimi ataniuma."

"Basi simama wewe mbele yake. Si tunafanana?"

"Tunafanana wapi? Mimi mzuri."

Koti akakata simu. Mlinzi akamfungulia tena, akitaka kutania, ila uso aliouona ukamrudishia utani mdomoni.

Shangazi alisikia mlango, akageuka mdomo umejaa karanga.

"Umesahau nini?"

"Kusoma," alisema Koti. "Andika amri. Safari hii usigeuke."

Aliandika. Mistari ikashuka. Shangazi aliisoma mara moja, akaacha kutafuna.

"Makamu amekalia kiti."

"Tangu usiku. Kengele ililia nikaizima, nikadhani mtambo wa baridi."

"Na ulinisomea lipo."

"Nilikusomea."

Koti alingoja bomu lilipuke, maana Shangazi hakuwa mtu wa kuhifadhi mabomu. Lakini alivua miwani, akaipangusa ingawa ilikuwa safi.

"Nami nilikujibu kabla hujamaliza," akasema polepole. "Hivi sisi tunapokezana zamu au tunaimba kwaya?" Kisha, kana kwamba upole umemchosha, akamgeukia: "Kaa chini kabla hujaanguka! Fundi wa diski namwita mimi."

Fundi wa diski alipatikana, ila alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Alikuja hivyohivyo, kofia ikificha aibu, akasema diski ya Mwenyekiti imekufa na haina wa kuililia, akaanza kuandaa nafasi kwenye diski nyingine. Nafasi haiandaliwi kwa matusi. Inasubiriwa.

Kusubiri huko ndiko kulikommaliza Koti. Kazi humweka mtu wima. Kusubiri humwonyesha ulipo uchovu wake. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mikono ndani ya mikono ya koti, akitazama jina moja lililobaki kwenye skrini. Aliliomba lisife. Alikuwa anaona kabisa mkono wa muuguzi ukikunjua bandeji, duara baada ya duara. Simu ilikuwa nje kabatini. Labda ilikuwa inalia. Labda ilikuwa imenyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama yako anafunguliwa leo?" Shangazi aliuliza.

"Sasa hivi."

"Na ukarudi?"

"Nisingerudi, ningekaa mbele yake nikiwaza diski. Angefungua jicho akakuta mtu hayupo."

Shangazi akamsogezea karanga, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika chumba kile.

Fundi aliposema "tayari", Koti aliandika amri ya kumweka Makamu mpya, Shangazi akaisoma herufi kwa herufi kidole kikigusa kioo, kisha Koti akabonyeza. Wakangoja. Jina jipya likatokea chini ya la kwanza.

"Geuka," alisema Koti.

Shangazi akageuka. Koti akasoma, safari hii kama mtoto wa darasa la kwanza, akivuta kila neno, kila tarakimu, asiruhusu mdomo utangulie. Shangazi akarudia bila kudakia hata moja.

"Nimepokea," akasema. "Sasa potea. Taarifa kwa msimamizi nitaiandika, na makosa ni yetu wawili. Kimbia!"

Kukimbia hakuweza. Alikwenda.

Mdogo wake alikuwa mlangoni mwa wodi, mikono kiunoni.

"Nimechelewa?" Koti aliuliza, pumzi zikimkata. "Amemwona nani? Wewe?"

"Mimi? Hata ukuta hajauona. Mama amegoma."

"Amegoma nini?"

"Bandeji imetoka kitambo, kafumba macho. Daktari kambembeleza, kamtisha, mpaka masharubu yamelowa jasho. Nami nikajisogeza pale mbele, nikakohoa kama wewe. Akaniambia, 'Toka hapo, kivuli.'"

Ndani, mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, kope zimebanwa kama mtoto anayekataa dawa. Daktari alikuwa ameegemea dirisha, amesalimu amri.

"Harufu ya koti hiyo," alisema mama kabla Koti hajasema neno. "Umechelewa."

"Nisamehe, mama. Si ungefungua tu?"

"Nimekaa gizani mwaka mzima. Kitambo hiki ndicho kingenitoa roho? Sogea kwenye mwanga."

Akasogea. Mama akafungua jicho la kulia, polepole, likalengwalengwa na machozi, akalipepesa, akalikaza.

Alimtazama kuanzia juu, akashuka mstari kwa mstari. Nywele. Paji la uso. Alipofika chini ya macho alikaa hapo muda. Akaendelea na mashavu, kola, mikono.

"Koti hili lilikuwa jeusi," akasema.

"Limepauka, mama."

"Nilivyokuwa nakuona kichwani lilikuwa jeusi." Akanyoosha mkono, akagusa shavu lake. "Mwaka mzima nakuuliza kila siku, mwanangu hujambo? Unanijibu sijambo. Haya, nakuuliza tena. Hujambo?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limevaa viatu, linangoja mlango tu. Koti akalirudisha.

"Nimechoka, mama."

"Ndiyo," alisema mama. "Naona."

Akajisogeza upande, akapiga godoro kwa kiganja. "Vua hilo koti, ulale hapa."

Daktari akajikohoza dirishani. "Mama, samahani, kitanda ni cha mgonjwa."

Mama akamgeuzia jicho lake jipya, akayachunguza masharubu bila haraka, mpaka daktari akayafunika kwa mkono.

"Najua, baba," akasema. "Sasa naona mgonjwa ni nani."

Koti alikuwa anafungua kifungo cha tatu. Cha nne alikifungua mdogo wake, kwa sababu Koti alikuwa keshalala.