Unga wa Serikali Unaenda Makomeno

Jumatatu, saa moja ya asubuhi, Mama Agnès aliweka meka yake, lile bakuli la kupimia unga, juu ya meza yake katika soko la Katuba. Alikuwa na magunia mawili aliyoyaleta mwenyewe kutoka Kasumbalesa. Yakiuzika vizuri, Alhamisi angerudi mpakani kuleta mengine. La sivyo, biashara ingeishia hapo.

Saa mbili lori lilileta magunia mia mbili ya unga ambao serikali ilikuwa imelipia nusu ya bei, ili Katuba ishibe. Magunia yalishuka yenyewe, yakajipangusa vumbi, yakapanga mstari kama wanafunzi wa masista, kisha yakaanza kutembea kuelekea mtaa wa Makomeno, kwenye depo, ghala la patron Hénoc, tajiri wa kuuza unga. Watu waliyapisha. Moja lilimkanyaga Chadia, jirani anayepika bukari, ugali wa kuuza, likaomba pardon.

Anaclet, ajenti wa serikali, aliyahesabu yakipita, akatia saini kwamba Katuba imepokea. Halafu akaja kwa Agnès, akafuta bei yake, akaandika nusu.

"Bei ya serikali njo hii, mama."

"Chef, lakini bunga ya serikali yenyewe ile, inaenda!"

"Soko iko huru. Mufuko ikitaka kutembea, miye nitaifunga kamba?"

"Shi na miye niko mu soko ileile?"

"Weye hauko mufuko, mama."

Hapo alisema kweli.

Chadia alinunua meka moja, akangoja matabishi, ile konzi ya juu ambayo muuzaji wa Katuba humwongezea mteja hata kama amelala njaa. Agnès akamtilia. Kisha, mkono ukiwa bado na unga, akamwagia konzi nyingine kichwani pa gunia la mwisho, lililokuwa likichechemea. Gunia likasimama. Likageuka, likaja kukaa kando ya meza.

"Eeh, na yeye anapenda matabishi!" Chadia akacheka, akaenda kuleta beseni.

Anaclet alifika kwanza. "Mama, unaharibu soko! Unavuta mufuko na zawadi?"

"Na serikali yenye ililipa nusu?"

"Ile iko politike ya uchumi."

Akalishika gunia sikio, akaliongoza Makomeno.

Kufikia Jumatano Agnès alikuwa amemaliza gunia moja, kwa hasara. La pili likasimama, likaaga kwa heshima, likaondoka. Agnès akafunga kitambaa, akalifuata.

Kwenye depo alipanga foleni nyuma ya akina mama wa Katuba. Karani akamuuzia gunia lake mwenyewe, kwa bei ya soko huru. Pesa ya kurudi Kasumbalesa ikaishia pale.

"Itanifuata?" Agnès akauliza.

"Hapana, mama. Ikisha kulipwa, inabebwa."

Akalitia kichwani. Kwenye kona alikutana na magunia mengine mia mbili yakija. Akasimama kando, akayapisha mpaka la mwisho.